Kumtisha Mtoto kwa Zimwi: Yafaa au Haifai?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Yako mambo ambayo watu huyaona madogo, na kumbe ndani yake mna jambo kubwa; na moja katika hayo ni kuwatisha watoto. Mtoto akilia usiku huambiwa, "Nyamaza, zimwi lasikia." Akikataa kulala huambiwa, "Haya, mumiani yuko dirishani." Akitaka kwenda mtoni huambiwa kuwa chini ya maji yuko pepo avutaye watoto kwa miguu. Maneno haya husemwa na mama, na nyanya, na yaya, na baba naye akichoka husema. Msemaji hunena akasahau; mtoto hasahau.

Na suala hili limezidi kuhitajiwa zama hizi, kwa sababu mazimwi na mizuka wametoka katika vinywa vya wazee na kuingia katika vitabu. Viko leo vitabu vya watoto vyenye hadithi pamoja na kazi za mikono: mtoto husoma kipande, kisha hupaka rangi, hukata kwa mkasi, hubandika, huunganisha nukta mpaka itokeze sura, hutafuta njia ya kumtoa mtu msituni. Tangu ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto nchini Tanzania mwaka 1991, hadithi za Kiswahili za watoto zimechapishwa kwa wingi, na hadithi za kale zimo. Basi baadhi ya wazee husema: Vitabu hivi vyafundisha ushirikina, na vichomwe. Na wengine husema: Ni mchezo tu, hauna neno. Wote wawili wamesema upesi kabla ya kupambanua.

Bonde la Kilombero na khabari zake

Mfano mzuri wa jambo hili ni Ifakara na bonde lote la Kilombero. Bonde hilo limelala baina ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na mto wake ukikutana na Luwegu ndipo uzaliwapo mto Rufiji. Kwa hivyo maji yanayopita Ifakara ndiyo yanayomwagika baharini mkabala wa Mafia, na mtu wa pwani asidhani kuwa khabari za huko ni za ugenini. Wenyeji wa asili ni Wandamba na Wapogoro na Wambunga na Wabena wa mtoni, na watu wa pwani wamekaa kati yao kwa biashara na kwa dini miaka mingi.

Nchi hiyo mvua ikinyesha hugeuka maji matupu. Mpunga hulimwa mbali na mji, na watu wengi huhamia mashambani na watoto wao msimu mzima, wakikaa katika vibanda, na wakipanda madungu kulinda ndege na nguruwe. Usiku wa huko ni giza, na sauti ni nyingi: kiboko hukoroma, bundi hulia, matete husuguana. Mahali kama hapo kisa cha mzuka hakihitaji kupaliliwa, huota chenyewe. Ndiyo maana bonde lile lina visa vingi vya pepo wa mito na misitu, na mizimu ya wafu, na watu wageukao wanyama.

Mtu wa pwani akisikia haya hucheka, akasema ni ujinga wa bara. Na asicheke. Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje makundi makundi kwa kumwogopa popobawa, na mjini Unguja mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Yule aliyeuawa alikuwa mja wa Mwenyezi Mungu, ana mama yake. Basi kisa cha mzuka kimeua mtu katika mji wenye misikiti pande zote.

Mambo matatu ambayo watu huyachanganya

Yapasa mtu apambanue kabla ya kuhukumu, kwani jina la zimwi hutumiwa katika mambo matatu, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni hadithi ijulikanayo kuwa ni hadithi. Mzee husema "Paukwa", na watoto hujibu "Pakawa", ndipo zimwi huingia. Maneno yale mawili ni mlango. Mtoto anapoitika amejua kuwa ametoka katika mambo yaliyotukia na ameingia katika mambo ya kusimuliwa; na hadithi ikisha, hutoka kwa mlango ule ule. Hapo hapana uwongo, kwani uwongo ni kumfanya mtu aamini lisilokuwa, na huyu hakuamini. Amestarehe na amepata mazingatio. Nunda mla watu, ambaye kisa chake kilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870 miongoni mwa hadithi za Unguja, alianza kuwa paka aliyeachwa ale mifugo, na akaishia kula watu. Kila mtoto asikiaye hupata fundisho bila ya kuambiwa: dhara ndogo ikinyamaziwa hukua.

La pili ni kitisho. Hapa hapana paukwa wala pakawa. Mtu mzima humwambia mtoto, kwa uso wa mtu asemaye kweli, kuwa zimwi liko nyuma ya mlango huu, na litamla leo. Naye mwenyewe ajua kuwa haliko. Huyu ameingia katika moyo wa mtoto bila ya kupiga hodi.

La tatu ni itikadi: mtu mzima mwenyewe kusadiki, na kwa kusadiki kwake kutenda: akampeleka mgonjwa pahali fulani na si pahali pengine, akamtuhumu kikongwe, akamwogopa mlemavu. Na kitisho ndicho kitalu cha itikadi. Aliyetiwa khofu mwaka wa 4 wa umri wake huivuna mwaka wa 30.

Hukumu ya kitisho

Ama hadithi iliyo hadithi, haina ubaya ikiwa haina uchafu wala dhihaka katika dini. Ama kitisho, ubaya wake ni wa namna mbili, na kila mmoja una dalili yake.

Ubaya wa kwanza ni uwongo. Amepokea Abu Daud khabari ya Abdallah bin Amir, kwamba mama yake alimwita alipokuwa mdogo akamwahidi kumpa kitu, na Mtume (S.A.W.) amekaa nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama: Ulitaka kumpa nini? Akajibu kuwa alitaka kumpa tende. Ndipo Mtume akamjulisha kuwa lau asingempa kitu, angaliandikiwa uwongo. Zingatia, ewe msomaji. Mama yule alimwita mtoto kwa jambo la kupendeza, na juu ya hayo uwongo ungaliandikwa. Je, amwitaye mtoto kwa jambo la kuogofya?

Ubaya wa pili ni kuogofya kwenyewe. Amepokea Abu Daud pia kuwa masahaba walikuwa safarini, na mmoja wao akalala. Wenziwe wakaiendea kamba aliyokuwa nayo wakaichukua, akashituka. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumshitua Mwislamu mwenziwe. Na yule alikuwa mtu mzima, mtu wa safari, na kitisho chenyewe kilikuwa mzaha wa kamba. Mtoto ni dhaifu zaidi, naye hana pa kukimbilia ila kwa yule yule anayemtisha.

Na iko dalili ya tatu, nayo ni mwenendo wa Mtume mwenyewe. Amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwakinga Hasan na Husein kwa maneno ya kutaka hifadhi ya Mwenyezi Mungu, na akisema kuwa Nabii Ibrahim aliwakinga kwayo Ismail na Is-hak. Basi sunna ya usiku kwa mtoto ni kumtia amani. Tazama ilivyopinduliwa: wajukuu wa Mtume walilazwa kwa hifadhi, na watoto wa umma wake walazwa kwa zimwi.

Madhara yake katika bonde na pwani

Huenda mtu akasema: Haya ni maneno ya vitabuni, mtoto akitishwa dharura gani? Atakua, na khofu itamtoka. Jawabu: Itazamwe khabari ya degedege.

Degedege ni mtoto kukakamaa na kupinduka macho kwa homa kali, na aghlabu homa hiyo ni malaria. Watu wengi wa pwani na wa Morogoro wamesadiki tangu zamani kuwa huletwa na ndege au shetani apitaye juu usiku, na kivuli chake kikimwangukia mtoto humkamata. Kwa itikadi hiyo mtoto hufukizwa kwa mavi ya tembo, au huogeshwa kwa mkojo, na watu husema kuwa akipigwa sindano atakufa. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa kwa maradhi haya watu hukimbilia waganga kwanza. Na malaria ya kichwani haingoji. Hata masaa machache ni mengi kwake.

La ajabu zaidi ni la Ifakara yenyewe. Mji huo una chuo cha utafiti wa maradhi kilichoanzishwa na Waswisi wa Basel katika miaka ya 1950, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na una hospitali kubwa. Katika bonde la Kilombero na Ulanga viligawanywa kwa kuuzwa vyandarua vyenye dawa miaka ya mwisho ya 1990, na hesabu iliyotolewa mwaka 2001 ilionyesha kuwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliolala ndani yake walizidi kuokoka kwa asilimia 27. Hapana mji wa bara uliofundishwa khabari za mbu kama huo. Walakini utafiti mwingine wa Ifakara, uliochapishwa mwaka 1998, ulikuta kuwa watu wamesadiki mbu na wamesadiki hospitali, na juu ya hayo wasema kuwa mchawi aweza kuwaficha wadudu wa malaria wasionekane katika kipimo, au kumtia mtu homa mfano wa malaria na si malaria. Basi khofu ya zamani haikutoka ilipoingia elimu. Ilivaa kanzu ya elimu ikaingia nayo hospitalini. Ndiyo sababu haitoshi kumfundisha mtu mzima khabari za mbu, ikiwa utotoni alifundishwa kuwa kila gizani mna mwenye kumvizia.

Ng'ambo ya mto, katika milima ya Mahenge, daktari mwanamke wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wenye kifafa katika miaka ya 1960. Aliwakuta wengi wao wana makovu ya moto. Mgonjwa akianguka jikoni watu walichelea kumgusa, wakidhani kuwa pepo au maradhi yatawarukia. Mtoto akaungua, na mikono ya kumtoa iko hapo hapo. Hawakuwa watu wakatili. Walikuwa watu walioogopa.

Na katika nchi ya Usukuma vikongwe wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu ule ni wa moshi wa kuni walizopikia watoto wa watu. Na wenye ulemavu wa ngozi, ambao hadithi za kale zilisema kuwa ni mizuka, hawafi bali hupotea, waliwindwa na kukatwa viungo, khasa baada ya mwaka 2006. Mtoto aliyeambiwa kuwa jirani yake ni mzuka amefundishwa kuwa jirani yule hana roho ya mtu.

Shaka mbili na majawabu yake

Shaka ya kwanza: Husemwa kuwa kukataa mizuka ni kukataa majini, na majini wametajwa katika Kur-ani. Jawabu: Kuamini kuwa majini wako ni wajibu, na kumwambia mtoto kuwa jini liko katika mwembe huu ni madai yasiyo na dalili. Tena Kur-ani, katika Sura ya Jinn, imewataja watu waliokuwa wakijikinga kwa majini, na ikaeleza kuwa hawakuzidishiwa ila taabu. Ama mzuka wa maiti, Sura ya Al-Muuminun imebainisha kuwa baina ya wafu na kurejea duniani iko barzakh mpaka siku ya kufufuliwa. Na ama ghuli, yaani zimwi la Waarabu lililowapoteza wasafiri jangwani, amepokea Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) amelikanusha. Baadhi ya maulamaa wamesema maana yake ni kuwa haliko kabisa. Na wengine wamesema kuwa kilichokanushwa ni ule uwezo wa kujigeuza na kumpoteza mtu. Kwa kauli zote mbili, la kumwogopa mtu usiku limeondoka.

Shaka ya pili ina nguvu zaidi, nayo ndiyo ya wazee wa bondeni. Husema: Mto huu una mamba na viboko. Mwezi wa Januari 2016, kabla ya daraja kwisha, kivuko chenyewe kilipigwa na upepo na mvua kikazama. Mtoto hana akili ya kupima hatari. Tukimwambia kuwa majini mna pepo hataingia, na ataishi. Je, uwongo uokoao roho si bora kuliko kweli iuayo?

Jawabu: Nia ya wazee hawa ni njema, nao hawasemi upuuzi. Lakini na wapime. Mamba ana mahali pake na wakati wake. Mtoto aliyeonyeshwa mamba, akaambiwa kuwa hukaa ukingoni kimya kama gogo, na kuwa hapa pana uwanda wa kuotea jua na pale maji ni mazito, huyo amepewa macho. Aliyeambiwa pepo amepewa khofu tu, na khofu haina macho. Ataogopa usiku, na adhuhuri ataoga pale penye mamba, kwa kuwa pepo hatoki mchana. Tena atafika miaka 10, wenziwe wamwambie kuwa pepo wa mtoni ni uwongo wa wazee. Atacheka, na siku hiyo hiyo ataliacha onyo lote, kweli yake na uwongo wake. Aliyemkinga mwanawe kwa uwongo amemkinga kwa ukuta wa udongo, na masika yaja. Mto una mamba. Si haja kuuongezea pepo.

Vitabu vya kuchora na kupaka rangi

Amebakia mwenye kuuliza khabari ya vitabu. Imam Ghazali katika Ihya amesema kuwa mtoto akitoka chuoni yapasa aruhusiwe mchezo mzuri apumzike, kwani kumzuia mchezo na kumlazimisha elimu daima kwaufisha moyo wake. Na Bi Aisha alikuwa na sanamu za kuchezea, na kati yake farasi mwenye mbawa mbili, Mtume (S.A.W.) alipouliza, akajibiwa kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, akacheka. Maulamaa wamekhitalifiana katika sura, na wengi wao wameruhusu zile za kuchezea watoto. Basi farasi asiyekuwako aliingia katika nyumba ya Mtume kwa mlango wa mchezo, wala hakufukuzwa.

Kwa hivyo kitabu cha mtoto chenye zimwi hakihukumiwi kwa jina la zimwi, bali kwa mlango. Kikimfunulia mtoto kuwa hii ni hadithi, kina manufaa. Na kazi za mikono zaongeza manufaa hayo, kwa sababu mtoto aliyelichora zimwi kwa kalamu yake, akalipaka meno ya kijani, na akalikata kwa mkasi, amekuwa bwana wake. Aliloliunda mwenyewe mchana halitamshinda usiku. Na kazi iliyo bora ni ile ya kuunganisha kila kitu na makao yake: sheshe kwenye nyasi za bonde, kiboko kwenye maji, mbu kwenye dimbwi, na zimwi kwenye hadithi. Mtoto aliyepiga mistari hiyo minne bila ya kukosea amejifunza elimu ambayo wazee wengi wameikosa.

Ama kitabu kinachoweka mzuka na mamba katika safu moja, kama vile wote wawili watamkuta njiani, au kinachomchora kikongwe kuwa mchawi kwa ukongwe wake, au mwenye ulemavu wa ngozi kuwa mzuka, hicho kisiingie nyumbani, ijapokuwa rangi zake ni nzuri.

Wajibu wa mwanamume

Wanaume wengi husema: Haya ni mambo ya wanawake na watoto. Na si hivyo. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumba yake. Usiku mtoto akikakamaa kwa homa, mama hulia na bibi hutaja ndege. Lakini nauli iko mfukoni mwa nani? Aambiaye "Twende hospitali" au "Mwiteni mganga" ni nani? Mara nyingi ni baba. Na baba huyo alikuwa mtoto, na usiku mmoja palikuwa na mtu aliyemwambia neno fulani ili anyamaze. Jawabu atakalolitoa mlangoni, na mtoto yuko mikononi, limeanzia pale.

Basi baba na amsimulie mwanawe hadithi, na aanze kwa paukwa. Akitaka kumwonya na mto, amwonyeshe mto. Akitaka alale, amsomee dua aliyowasomea Mtume wajukuu wake, aizime taa, na amwambie kuwa yuko chumba cha pili. Na awe yuko kweli.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kwenye tawfiki.